Bidoni Mbili za Maji

Jumamosi ile wageni wa posa ya mdogo wangu wa kike walikuwa wafike saa nane mchana, na bomba letu hapa Magarama, Gitega, lilikuwa kavu tangu Alhamisi. Boyi wetu alikuwa amekwenda kwao kuzika. Mama yangu, aliyefika jana yake kutoka Muyinga, alikuwa mkekani anachagua mchele. Nikawapa watoto bidoni mbili za lita 20, nikawaambia washuke bondeni kwenye chemchemi. Binti ana miaka 15, mdogo wake 13. Waliondoka saa tatu. Saa tano na nusu sufuria bado ziko tupu, na wao hawajarudi.

Niliwakuta katikati ya mlima, chini ya mparachichi. Bidoni moja imepasuka ubavuni, udongo umegeuka tope. Ya pili walikuwa wameimwaga nusu ili iwe nyepesi, wakapanda kidogo, wakaimwaga tena. Kijana kajishika kiuno, anahema, midomo imemkauka. Dada yake kasimama nyuma ya mti asionwe na wapita njia. Watoto wa majirani, wadogo kuliko wao, walikuwa wanawapita na bidoni zao kichwani, wanapiga soga.

Nilianza kugomba. Kijana akanijibu bila jeuri yoyote: "Mama, si wewe uliyesema bidoni ni kazi ya boyi?"

Nilisema. Nimesema mara nyingi, na wazazi wengi ninaowajua wanasema hivyo hivyo. Jasho tumelifanya alama ya umaskini. Mtoto wa mwenye mshahara hashiki jembe, hachoti maji. Kazi yake daftari, na daftari likiisha, simu. Akitulia sebuleni siku nzima tunamsifu mbele ya wageni kwamba ana adabu. Binti tumemwongezea na mengine: miguu ibane, sauti ishuke, msichana hakimbii njiani.

Mwaka jana shule yao iliwapeleka Gishora, kilomita chache tu kutoka hapa, kutazama ngoma za kifalme, zile ambazo UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2014. Wapigaji wa Gishora hawapigi tu, wanaruka juu hadi magoti yanakaribia kifua. Binti alirudi macho yanang'aa, akaniuliza kama na yeye anaweza kujifunza. Nikamjibu kwamba ngoma ni ya wanaume, na tangu 2017 kuna amri ya rais inayowakataza wanawake kuipiga. Nilimwambia kweli. Kinachoniuma ni kwamba niliishia hapo, sikumtafutia pengine pa kuruka. Ruyigi, mashariki yetu tu hapa, ndiko alikotoka Francine Niyonsaba, aliyetuletea medali ya fedha ya mita 800 kutoka Rio mwaka 2016. Hata jina lake sikumtajia mwanangu.

Shirika la Afya Duniani linataka kijana autumikishe mwili wake kwa wastani wa dakika 60 kwa siku. Utafiti wake uliochapishwa 2019, wa wanafunzi wa nchi 146, ulikuta vijana 81 katika kila 100 wa miaka 11 hadi 17 hawafikishi hapo; wasichana 85, wavulana 78. Zamani hesabu kama hizo niliziona za watu wa mbali. Siku ile zilikuwa zimekaa chini ya mparachichi.

Mama yangu alitufuata pale pale mlimani. Akaokota majani makavu ya mgomba, akasokota kata, akaiweka kwenye utosi wa binti na kuikandamiza kwa viganja viwili. "Shingo usiilegeze. Tazama mbele, usitazame miguu." Tukipanda, nikamuuliza kama yeye kule Muyinga aliachwa kukimbia. Akasema alipovunja ungo walimkataza hata kuruka kamba. "Lakini shamba lilikuwa ng'ambo ya bonde, maji huku. Nani angekaa?"

Neno hilo halijanitoka. Wazee walimkataza msichana kucheza, lakini jembe, kuni na maji vilimtembeza kutwa. Sisi tumeondoa jembe, kuni na maji, marufuku tumeiacha ilivyo. Sitaki binti yangu arudi kwenye mizigo iliyompinda mama yangu mgongo. Nataka marufuku ndiyo iondoke.

Wageni walifika saa nane na robo, wakala saa kumi. Walikuwa waungwana, hawakusema kitu.

Jioni, walipokwisha kuondoka, mama alifungua kamba ya gunia la maharage aliyotuletea kutoka Muyinga. Ncha moja akashika yeye, ya pili akaninyoshea mimi. Lango lilikuwa wazi, watu wanapita. Binti alinitazama kwanza, kisha akavua kandambili zake, akasimama katikati ya ua akisubiri kamba iguse chini.