Namna ya Kupata Herufi Nene Zilizochakaa, kwa Mtindo wa Titye

Wabunifu wa Ulaya na Marekani huuza fonti nene zilizochubuliwa makusudi kwenye kompyuta, ili zionekane zimeandikwa kwa mkono na kunyeshewa miaka mingi. Wewe uliye Titye, wilayani Kasulu, dola zako zikae mfukoni.

Tafuta ukuta wa tofali za kuchoma usiopigwa plasta; mashimo ya herufi utayapata bila kuyaomba. Pitisha chokaa nyepesi. Ukipaka praima umeharibu kazi: rangi itashika, nawe utausubiri uchakavu hadi uzeeni. Rangi yenyewe iwe ile ya mafuta iliyobaki mlipopaka mlango. Brashi ikikosekana, kuna sponji ya godoro.

Andika bila kupima. "MASHINE YA KUSAGA NA KUKOBOA" ni mtihani mzuri, maana KUSAGA hula ukuta wote, KUKOBOA ikabaki imebanana pembeni kama abiria wa mwisho wa hiace. "DUKA LA DAWA MUHIMU" ni gumu zaidi. Jina hilo limetoka serikalini, kwenye mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, kwa hiyo usilikate. Fundi mzoefu humalizia MUHIMU kwenye ubao wa mlango wenyewe: mlango ukiwa wazi linasomeka DUKA LA DAWA tu, umuhimu unarudi jioni wakifunga.

Kuchakaza usijisumbue. Kiangazi, vumbi jekundu la malori litajaza kila ufa. Mvua zikianza, maji ya bati yatarusha tope na kuula mstari wa chini. Hapo ndipo pa kuandika namba ya simu, hasa kama una madeni. Mbuzi watajikuna kwenye kona. Kila baada ya miaka 5 wagombea watabandika sura zao kwa uji wa muhogo, na siku ya kuzibandua zitaondoka na rangi yako. Hakuna kompyuta inayoweza hayo.

Jihadhari na kijana wa kampuni ya simu anayejitolea kukupakia duka zima bure. Atakuachia ukuta usio na kosa hata moja, unaofanana na wa Mtwara, na jina lako dogo kuliko lao. Huo si ukarimu. Umempangisha ukuta bila kodi.

Herufi moja tu huhitaji kujifunza: X. Hiyo huandikwa na watu wa TANROADS, wakala wa barabara: mikwaruzo miwili, rangi ikichuruzika, na unene wake hauna mpinzani nchini. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, kuanzia katikati yake, na kuta nyingi zikajikuta ndani. Ukiamka ukaikuta X kwako, tazama rangi kabla ya kuusifu mchoro. Ya kijani ina fidia. Nyekundu haina, kwa hiyo katafute tofali nyingine mapema.