Mbinu za Mvivu Katika Nyumba ya Mawe

Umerithi nyumba ya zamani Mji Mkongwe, Unguja, au umepanga ghorofa ya juu ya mojawapo, na joto la Februari linakutoa roho. Bei ya kiyoyozi umeshaulizia. Hebu sogea kwanza. Nyumba hiyo waliijenga watu wasio na swichi hata moja, na usingizi waliupata. Kazi yako ni kudoea ujuzi wao, na udoezi huu hauna aibu.

1. Usijenge chochote. Anza kwa kubandua.

Kuta zako ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, unene wake karibu nusu mita, pengine zaidi. Joto la mchana huchukua saa nyingi kupenya humo. Unyevu nao huingia na kutoka, kwa sababu chokaa inapumua. Kisha akaja mtu na mfuko wa saruji akaziba kila kitu. Maji na chumvi vikakosa pa kutokea, vikapanda ukutani mpaka kwenye vichwa vya boriti, na boriti iliyolowa huoza kimya kimya.

Pita na kifundo cha kidole ukigonga. Pakilia bwabwa kama fenesi lililoiva, lipu imeshaachana na jiwe. Kwa bibi yangu ukuta wa ngazini ulikuwa hivyo: rangi ya mafuta, ya buluu, imevimba malengelenge, ukilitumbua moja linamwaga unga mweupe wa chumvi. Fundi akasema tuongeze saruji. Tukaongeza, mara mbili. Mwaka wa tatu tukabandua yote, tukauacha ukuta uchi miezi kadhaa ukauke, ndipo tukapiga lipu ya chokaa moja kwa mchanga tatu, na juu yake chokaa ya kupaka tu. Ule uvundo, uliokuwa ukitufanya tuwashe feni mchana kutwa, ukaondoka.

Fundi wako atakwambia, “Bosi, saruji ndiyo imara.” Usigombane naye. Mwambie, “Kweli fundi wangu, lakini huyu ni mzee, tumpe uji.” Muulize pia chokaa yake imelala shimoni muda gani, iliyokaa miezi ndiyo laini, tena haipasuki ovyo. Na kabla hujagusa ukuta, pita Mamlaka ya Mji Mkongwe uchukue kibali. Safari moja ya asubuhi inakuepusha na kubomoa mara mbili.

Jirani akikuuliza mbona kuta ziko uchi, jibu kwa sauti ya kutosha kwamba unahifadhi urithi wa dunia. Mji umo kwenye orodha ya UNESCO tangu mwaka 2000, kwa hiyo hujasema uongo, na heshima yako mtaani imepanda bila senti.

2. Iba upepo.

Kaskazi inavuma takriban Desemba hadi Machi, kisha kusi inachukua zamu. Zote ni za bure. Wewe usizifungie mlango tu.

Shawishi kubwa hapa ni dirisha la alumini la kusukuma. Linang'aa, najua, na shemeji ataliona. Lakini lipime: vioo viwili, kimoja kikisogea kinakaa nyuma ya mwenzake, kwa hiyo umenunua dirisha zima upate upepo wa nusu. Lile la mbao ulilotaka kulitupa linafunguka lote, na vipande vyake vikilazwa huzuia jua huku hewa ikipita. Mpe seremala abadilishe bawaba na vipande vilivyooza. Asubuhi funga upande unaopigwa na jua, usiku fungua kila kitu.

Halafu panda juu uangalie uwanja wa ndani. Ukikuta umefunikwa bati gubigubi, mtu aliiziba nyumba pua. Hewa ya moto hupanda. Iachie pa kutokea. Kama unaogopa mvua, inua bati lile juu ya nguzo fupi, pembeni pabaki wazi.

Ukiona haya madogo, waulize wazee wa mtaa walilalaje Desemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokaa takriban miezi mitatu bila umeme kutoka bara. Watakuonyesha dirisha gani lifunguliwe.

3. Paa lipake rangi nyeupe.

Basi. Huku kwetu karibu na ikweta jua la mchana linasimama utosini, na bati lililoshika kutu hunywa joto lote. Jeupe hulirudisha. Likifubaa, rudia.

4. Kuhusu shemeji.

Tuseme ukweli: kinachokutuma dukani mara nyingine si joto, ni wageni. Sikulaumu. Feni ya kawaida hula wati kama 60, kiyoyozi kidogo kama 900. Ni feni kumi na tano, na tokeni hununua wewe, mgeni anakula ubaridi tu. Kwa hiyo kama lazima, kifunge kimoja, katika chumba kidogo kuliko vyote. Weka dari ya chini, ziba nyufa za mlango, maana ubaridi ukimwagwa kwenye chumba chenye dari ya boriti juu huko, hakuna anayeuhisi. Fedha inayobaki nunua balbu za LED. Ya wati 9 inatoa mwanga wa ile ya zamani ya 60.

Jioni wakaribishe barazani au juu ya paa, kahawa na kashata. Shemeji akienda kulala mwashie kiyoyozi, mwoneshe rimoti, mtakie usiku mwema. Akishaanza kukoroma kizime, umfungulie dirisha la upande wa bahari.