Sifa za Kitenzi Chenye Mkia

Kiingereza kina mbinu nyingi za kumtoa mgeni jasho, lakini ni wachache waliowahi kuisifu ile iliyo ndogo kuliko zote: kitenzi chenye mkia, ambacho walimu hukiita phrasal verb. Chukua put, neno la mtoto wa chekechea, ulibandike kineno. Put off, umeahirisha. Put out, umezima moto. Put up with, umevumilia. Hapo mwanafunzi naye ameshaanza kuvumilia.

Kitenzi hiki kina fadhila tele. Kina umri: Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, alishaonya kwamba vitenzi vya aina hii ndivyo vinavyowapa wageni taabu kubwa kuliko vyote. Hakina upendeleo: fomu unaweza kuifanyia fill in au fill out, na karani atakurudishia zote mbili. Kina ucheshi pia. Umeme ukikatika, taa huwa zime-go off. King'ora cha wezi kikianza kulia, nacho kime-go off. Maziwa yakichacha ndani ya friji kwa sababu ya umeme huohuo, hayo pia yame-go off.

Lakini fadhila inayostahili nishani ya taifa ni ajira. Tazama Kenya. Karatasi ya pili ya Kiingereza katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ina sehemu ya sarufi, na humo mtahiniwa hutakiwa mara kwa mara aondoe neno lililopigiwa mstari, aweke kitenzi cha mkia chenye maana ileile. Sentensi ikisema mkutano ulikuwa “postponed”, naye akaandika “put off”, alama ni yake. Sasa hesabu walaji wa alama hiyo. Kuna aliyetunga swali, aliyelihariri na aliyelichapisha. Kuna dereva aliyelisafirisha, na kuna polisi mwenye bunduki aliyekesha nje ya kontena lenye kufuli ili put off isivuje. Kuna msimamizi, msahihishaji, na anayemsahihisha msahihishaji. Kabla ya wote hao palikuwa na mwalimu wa tuisheni, mwandishi wa kitabu cha marudio, na mwenye duka la fotokopi aliyekitoa nakala bila kumwambia mwandishi. Vineno viwili vya silabi moja moja vimelisha mtaa mzima.

Na riziki haikomei hapo. Mwanafunzi huyo akifika chuo kikuu, akaandika “put off” katika tasnifu yake, mhadhiri huikata kwa wino mwekundu na kuandika pembeni: “postponed”. Uandishi wa kitaaluma huviona vitenzi vya mkia kuwa lugha ya barazani. Kwa hiyo mtu mmoja analipwa kuvipachika na mwingine analipwa kuving'oa, na karo ya kazi zote mbili inatoka kwa mzazi yuleyule aliyeuza ng'ombe.

Yaani huu ni upuuzi, na si upuuzi wa Waingereza.

Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kupeleka wauguzi Wakenya kufanya kazi huko. Miezi michache baadaye, Mutahi Kagwe, aliyekuwa Waziri wa Afya, akatangaza kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliofaulu ni 10. Watu walicheka. Waliochekwa ni watu waliosoma sayansi, hesabu na uuguzi wenyewe kwa Kiingereza, wakafaulu mitihani yote waliyowekewa na nchi yao, na wanaoweza kuupata mshipa wa mtoto usiku wa manane.

Hata wale 10, wakifika wodini, wanakutana na bibi wa Kiingereza ambaye hajawahi kusema “vomit” wala “lose consciousness”. Yeye “threw up”, halafu “passed out”, na baadaye “came round”. Anayetafsiri neno kwa neno atatazama dari kuona nini kimerushwa juu. Vitenzi vya mkia ndivyo mgonjwa anavyougulia, na muuguzi alivikariri Kidato cha Tatu kama orodha ya alama, bila kusikia hata kimoja kikitoka kinywani mwa mtu, kisha chuoni akaambiwa avisahau.

Waswahili nao wasijitakase. Wanapiga pasi, wanapiga mswaki, wanapiga chafya, na mgeni hutafuta bure aliyepigwa. Tofauti ni kwamba hakuna aliyekosa kazi ng'ambo kwa sababu ya chafya.

Basi watunga mitihani na wahadhiri wa vyuo wakae meza moja, wakubaliane kama put off ni alama au ni kosa. Na tafadhali, kikao hicho kisiahirishwe.