Manati ya Kwanza na Dole Gumba

Jiwe la manati likiachiwa vibaya haliifikii shabaha. Hugonga dole gumba la mkono ulioshika panda, na ukucha hubadilika kwa mpangilio usiokosea: mwekundu hapo hapo, zambarau jioni, mweusi asubuhi. Maelezo haya yameandikwa asubuhi.

Katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama hadi Geita, mtu mzima anayetaka kujifunza kulenga shabaha huanza kwa kuiota bastola. Ndoto hiyo haina maisha marefu. Bastola ni ya leseni, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mwombaji hutakiwa kueleza anaitakia nini. “Kulenga visoda” ni jibu linalohitaji ujasiri kulitamka mbele ya afisa wa polisi. Uta nao una mambo yake. Sungusungu, walinzi wa jadi walioanza Kahama na Nzega mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliwafuata wezi wa ng'ombe kwa uta na mishale, kwa hiyo mtu anayekutwa na uta gizani huulizwa yuko zamu na nani. Inabaki manati, isiyo na leseni wala zamu, na ambayo karibu kila mtoto wa Nyarugusu, huko Geita, anayo. Hilo la mwisho ndilo linalompoteza mtu mzima. Hudhani kitu anachokiweza mtoto wa darasa la tatu hakina cha kujifunza.

Huanzwa na panda. Tawi la mpera linafaa kwa sababu mikono yake miwili mara nyingi hulingana na mti wenyewe haupasuki ovyo. Hukatwa bichi, hukaushwa kivulini, humenywa. Mkoani Shinyanga ni vizuri kuuliza kwanza tawi ni la nani. Mradi wa hifadhi ya ardhi wa HASHI, wa mwaka 1986 hadi 2004, uliipa nguvu upya desturi ya Wasukuma ya kutenga ngitili, yaani maeneo ya malisho na miti, na anayekata mti ndani ya ngitili ya watu hutozwa mchenya, faini ya kimila. Panda moja ya urefu wa kiganja imeshamgharimu mtu jogoo.

Baada ya panda huja mpira, na hapa ndipo ilipo manati yenyewe. Vingine vyote ni vishikizo. Mpira wa asili, unaotokana na utomvu wa mti, una tabia ya ajabu ambayo yeyote anaweza kuijaribu akiwa amekaa. Uvute ghafla na uuguse kwenye mdomo: una joto. Uache ujikunje na uuguse tena: umepoa. Ndani yake kuna nyuzi ndefu zilizojikunja kama nywele. Zikivutwa hunyooka, zikiachiwa hukimbilia kujikunja upya, na mbio hizo ndizo zinazolirusha jiwe. Utomvu mtupu hulainika kwa jua na kukakamaa kwa baridi; Charles Goodyear aligundua mwaka 1839, kule Marekani, kwamba ukipikwa na salfa hutulia. Bila salfa hiyo manati zisingekuwapo.

Mwaka 1937, huko huko Marekani, ukavumbuliwa mpira mwingine, wa butili, unaotengenezwa kiwandani kutokana na mafuta. Butili hushika upepo vizuri kuliko mpira wa asili, ndiyo maana tyubu nyingi sana za baiskeli na magari leo ni za butili, nyeusi, na hazihitaji pampu kila asubuhi. Lakini butili ni mvivu. Mpira mdogo wa butili ukiangushwa sakafuni haudundi, hukaa kama ugali. Nguvu uliyoutilia huigeuza joto na kubaki nayo. Kwa hiyo kila walichomwongezea mwenye baiskeli wamempunguzia mwenye manati, wala hakuna aliyemwuliza. Fundi baiskeli wa Katoro anayeuza kipande cha tyubu na kuapa kwamba ni “orijino” hasemi uongo. Ni butili orijino.

Kutokana na hayo huja kanuni moja: mikanda miwili ya manati itoke kwenye tyubu moja, iwe na upana mmoja na urefu mmoja. Aliyeipuuza ni karani wa karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, mtu mzima, mwenye kazi ya kuhesabu viroba vya mawe. Upande wa kushoto alifunga kipande cheusi kipya. Upande wa kulia alifunga kipande chekundu cha tyubu ya zamani ya mpira wa asili, kwa sababu kilikuwa kinapendeza. Alipovuta, mikono ilihisi uzito uleule. Alipoachia, mkanda mwekundu uliwahi, mweusi ukawa bado unafikiria. Ngozi ikavutwa kulia na jiwe likaenda nayo. Kwa anayeshika panda kwa mkono wa kushoto, upande wa kulia ndipo dole gumba linapoegemea.

Watoto wanne walikuwa wakitazama. Walikuwa wamemwamkia “Mwangaluka” kwa heshima zote, na heshima hiyo iliendelea hata baada ya kishindo, hakuna aliyecheka. Walisukumana kimya kimya na kuangalia pembeni. Kisha mdogo kuliko wote akasema taratibu, “Shikamoo mjomba, mpira wako umechanganya.” Alisalimia mara ya pili, kama anayeingia kwenye msiba.

Ngozi ya kushikia jiwe hukatwa kwenye ulimi wa kiatu cha zamani, na si kwenye kiatu kinachovaliwa, kama mke wa karani alivyoeleza kwa kirefu.

Risasi nzuri ni ya mviringo. Gololi za karasha zilizolika hufaa ukubwa, ila hutoka na sura ya kiazi na hukata kona angani. Kokoto nyeupe za Nyarugusu huruka vizuri, lakini mlengaji hupatwa na mawazo kila anapoachia moja: huenda ameirusha dhahabu kwenye bati la jirani. Bati lilirudisha jibu, jirani pia.

Shabaha ni kisoda kilichochomekwa kwenye nguzo ya uzio, hatua kumi. Kisoda kina upana wa kama sentimita 3. Katika mashindano ya bastola ya upepo ya mita 10, duara la alama kumi lina milimita 11.5 tu, yaani punje ya mahindi. Yule mtoto mdogo alikipiga kisoda mara tatu mfululizo bila kufumba jicho.

Watu husema hicho ni kipaji. Si kipaji. Mtama na mpunga vikikaribia kuvunwa, kwelea kwelea hushuka kwa makundi yanayofunika jua, na mkulima mdogo hana ndege ya kunyunyizia sumu, ana mtoto. Mtoto huwa shambani kabla ndege hawajaamka, huondoka wakishalala, na rejista ya mahudhurio hujaa misalaba mbele ya jina lake. Ndege ya serikali ikichelewa, ndege wa manyoya huwa wameshakula. Ndiyo shule iliyompa jicho lile, na mwalimu wa hesabu hakuwamo. Mtu mzima aliyesimama hapo akinyonya dole gumba hakuwa na haki ya kupiga makofi, lakini alipiga, kwa mkono mmoja na nusu.

Manati haiachwi juani, kwa sababu mpira hupasuka mipasuko midogo isiyoonekana mpaka uvutwe, na ukikatika ukiwa umevutwa hurudi usoni. Hukaguliwa kila siku kabla ya kuanza, hasa pale mikanda inapofungwa kwenye panda. Mipira iliyochakaa hubadilishwa yote miwili kwa pamoja. Ukucha wa mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi.