Namna ya Kupanga Ratiba ya Ujenzi Itakayompendeza Bosi

Umekabidhiwa ghorofa nne za kujenga, kompyuta yenye Microsoft Project, na tarehe ya ufunguzi ambayo mgeni rasmi ameshaalikwa. Usihofu. Fuata mwongozo huu na ratiba yako itapita kikaoni bila swali.

Orodhesha kazi zote: msingi, nguzo, slabu, matofali, umeme, plasta, rangi. Usiziunganishe. Kazi zisizounganishwa programu huzianzisha zote siku ya kwanza ya mradi, na hakuna chati inayovutia kama ile ambayo fundi rangi anaripoti Jumatatu ileile msingi unapochimbwa.

Mhandisi akiguna, unganisha kidogo. Kuna namna nne. Iliyozoeleka ni moja iishe ndipo nyingine ianze: plasta kwanza, rangi baadaye. Ya pili, zianze pamoja. Ya tatu, ziishe pamoja. Ya nne ni ya ajabu: kazi haiishi mpaka nyingine ianze, kama mlinzi wa usiku asiyeruhusiwa kuondoka mpaka wa mchana aingie. Hii itumie kwa wingi. Hakuna mjumbe wa bodi atakayekiri mbele ya wenzake kwamba hajaielewa.

Sasa zege. Slabu ikimwagwa, mirunda haing'olewi kesho yake. Nguvu ya zege hupimwa rasmi siku ya 28. Siku ya 7 huwa limefikia theluthi mbili hivi. Programu hukuruhusu kuandika kungoja huko kati ya kazi mbili, ila usipoiambia vinginevyo huhesabu siku za kazi tu, kwa hiyo Jumapili zege nalo hupumzika pamoja na mafundi. Lakini ya nini kungoja? Andika siku hizo kwa hasi. Ukiweka -14, ukuta wa ghorofa ya pili utasimama kabla slabu ya kuubeba haijamwagwa, na kompyuta haitasema kitu. Haijawahi kushika koleo.

Itakataa jambo moja tu: mzunguko. Ukiandika kwamba fundi anangoja malipo, mhasibu anangoja cheti cha mhandisi, na mhandisi anangoja fundi amalize, itatoa onyo na kugoma. Inaonekana walioitengeneza hawajawahi kudai malipo katika ofisi zetu.

Imebaki hatua kuu: kulazimisha tarehe. Mwaka 1957 Morgan Walker wa DuPont na James Kelley wa Remington Rand waliumiza vichwa kutafuta mnyororo wa kazi unaoamua mwisho wa mradi, ule ambao ukichelewa siku moja, mradi wote unachelewa siku moja. Jasho lao unaweza kulifuta kwa kubofya mara moja: chagua kazi ya mwisho, amuru kwamba lazima iishe siku ya ufunguzi. Mnyororo ukiwa mrefu kuliko siku zilizobaki, programu itaandika kwenye safu moja kwamba muda wa akiba ni hasi. Ficha safu hiyo. Bosi haiulizii kamwe.

Chapisha chati kwa rangi, ibandike ukutani, usiifungue tena. Na siku mgeni rasmi atakapokata utepe, wewe simama upande wa pili wa barabara.