Kisima Hakina Risiti

Jirani, pesa ya ploti ina tabia mbaya. Yangu iliisha kitambo, sasa imerudi kunidai.

Ploti yenyewe ni ya Ruiru. Nilinunua 2009 kwa 600,000. Enzi hizo kodi ya faida ya mtaji ilikuwa imelala tangu 1985, mtu anauza shamba anakwenda zake. Wakaiamsha 2015, asilimia 5. Mimi nikasema ngoja kwanza, bei itapanda. Na ikapanda kweli. Nikauza Februari 2023 kwa milioni 4, nikajiona mjanja wa mtaa mzima. Kumbe Januari hiyo hiyo kodi nayo ilipandishwa hadi asilimia 15.

Wataalamu wa hapa kioski mnajua kunichoma. Mkaniambia nyumba uliyokaa miaka mitatu mfululizo kabla ya kuiuza haitozwi. Mimi sikulala kwenye ile ploti hata usiku mmoja. Aliyekaa ni mbuzi wa watu. Mkaniambia tena ardhi ya milioni 3 kushuka chini haitozwi. Dalali alikuja na mtu wa milioni 3! Nilimfukuza na matusi juu.

Basi nikaenda saiba kujaza fomu. Kijana akaniuliza, "Mzee, hii ploti ilikula ngapi?" Nikawaza kisima, ua, geti, wakili. Nikamwambia andika 1,400,000. Akaandika. Faida ikabaki milioni 2, nikalipa 300,000, nikalala fofofo.

Halafu ikaja barua kutoka kwa watu wa kodi. Faili limefunguliwa upya. Eti sheria inawapa miaka mitano ya kurudi nyuma kupekua. Matumizi yangu yote wamepiga kalamu. Faida sasa ni 3,400,000, kodi 510,000, kwa hiyo bado wananidai 210,000, na riba ya asilimia 1 kila mwezi inanenepa nikiwa nimelala. Nina siku 30 za kupinga. Na sikia hii: si kazi yao kuonyesha kwamba sikuchimba kisima. Ni kazi yangu kuonyesha kwamba nilichimba.

Nikaenda ofisini kwao. Ofisa ni binti wa rika la kitinda mimba wangu, mpole, na huo upole ndio ulionimaliza. "Mzee, sheria haikunyimi. Bei uliyonunulia, ushuru wa stempu, wakili, dalali, kazi iliyoongeza thamani ya ardhi, hata pesa za kutetea hati yako, zote zinatolewa. Risiti ziko wapi?"

Risiti! Nyumba yangu inatunza kila kitu isipokuwa risiti. Nilipindua makabati. Nikapata ripoti yangu ya darasa la nne, nilikuwa wa pili kutoka mwisho, na mama watoto akaisoma kwa sauti. Nikapata kadi za harusi za watu walioachana. Kwa bahati nikapata ushuru wa stempu, 24,000, na karatasi ya wakili wa kesi ya mpaka wa ploti hiyo. Hizo binti akazikubali bila neno.

Ya kisima ilikuwa kipande cha mfuko wa simiti. Fundi ameandika kwa mkono wake: "Nimepokea. Mungu akubariki mzee." Hakuna tarehe. Hakuna kiasi. Binti akakigeuza upande huu, upande ule, akamwita mwenzake. Mwenzake akasoma, akatoka nje kucheka. Nilimsikia kupitia dirisha.

"Mtafute fundi," binti akasema, "aandike alilipwa ngapi, na lini, atie sahihi."

Nikampigia fundi. Akafurahi kunisikia, akauliza watoto, akauliza maji bado ni matamu. Nikamweleza: ni barua tu, ya kupeleka kwa watu wa kodi, useme nilikulipa zile laki zote. Simu ikakatika. Nikapiga, haishikwi. Jioni ukaingia ujumbe kutoka namba ngeni: "Mzee shikamoo. Mimi sijawahi kuchimba kisima. Mimi ni kinyozi."