Mama, Mumeo Kamng'ata Daktari

Göteborg, mwishoni mwa Novemba

Mama,

Natumaini anayekusomea barua hii ni Shangazi wala si yule mtoto wa jirani, maana yule akisoma jambo asubuhi, mchana linajulikana stendi ya Usa River. Saa kumi na moja jioni huku ni giza totoro, kuku wako wangechanganyikiwa. Ila kilichonifanya nishike kalamu ni mumeo. Mumeo kamng'ata daktari.

Huyu mjukuu wako Babu alipotimiza miaka mitatu ililetwa barua rasmi yenye jina lake kamili, siku na saa, kwamba anaitwa. Mimi wito ninaoujua ni wa ofisi ya mtendaji wa kata, na haujawahi kuwa wa heri. Nikaanza kukusanya makaratasi: pasi, kibali cha kuishi, hadi risiti ya baiskeli. Mkwe wako akaisoma, akacheka mpaka akakaa chini. Ni wa daktari wa meno, akasema. Nikamuuliza, kwani mtoto anaumwa jino? Haumwi. Lina tundu? Halina. Sasa anaenda kufanya nini?

Mama, huku mtoto hupelekwa kwa daktari wa meno akiwa mzima kabisa, tena bure. Kwetu ukisikia fulani kaenda, swali huwa moja tu: wameling'oa la juu au la chini? Mimi nilipelekwa nikiwa darasa la tano, baada ya karafuu kushindwa na maji ya chumvi kushindwa. Baba alinishika miguu, na mabega nilishikwa na mtu ambaye hadi leo simjui. Nadhani alikuwa mgonjwa mwenzangu wa foleni. Basi usiku wa kuamkia siku hiyo sikupata usingizi. Babu alikoroma.

Mlangoni unavaa vifuko vya plastiki vya buluu juu ya viatu, ukitembea unasikika kama bata kwenye majani makavu. Daktari ni binti mdogo, na huku haitwi daktari, anaitwa kwa jina lake kama mliyesoma naye. Babu, kama ulivyomfundisha kwenye simu, akamwamkia: "Shikamoo!" Binti akadhani ndilo jina la mtoto. Tangu hapo ikawa Shikamoo njoo, Shikamoo panda kiti, Shikamoo fungua mdomo. Nilishindwa kumsahihisha. Mara mbili mdomo uliniponyoka, nikaitikia marahaba.

Kile kiti kinapanda na kushuka kwa kubonyeza, na mumeo alikipandisha na kukishusha mpaka nikahisi kichefuchefu mimi niliyesimama. Kisha kazi ikaanza: kioo kidogo, na kuhesabu. Mtoto wa umri ule anatakiwa awe na meno 20, au karibu na hapo. Binti alikuwa amefika la tisa, kidole kikiwa ndani, Babu alipoamua kufunga duka.

Hakupiga kelele, yule binti. Alivuta pumzi, akakitazama kidole, akasema angalau ameshajua kuwa yana nguvu. Lakini mdomo ulikuwa umefungwa na ufunguo kutupwa. Ndipo likaja lile wazo: labda baba apande kwanza, aonyeshe mfano.

Unayajua meno yangu, Mama. Kule kwetu nusu ya darasa tulikuwa na rangi moja, kahawia kama chai ya maziwa, hakuna aliyemcheka mwenziwe. Huku nimejifunza kutabasamu mdomo umefumbwa, na watu wananisifu kwa upole. Nikapanda. Nikafungua.

Kimya. Akasogeza taa. Akamwita mwenzake, naye akamwita wa tatu. Kumbe haya meno wao waliyasoma vitabuni tu! Nikawaeleza, kwa Kiswidi changu cha kuokoteza, habari za Mlima Meru: kwamba ni volkano, kwamba maji yake yana floridi nyingi, na kwamba mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwani yanajijenga ndani ya taya, hutoka yakiwa na rangi na hairudi nyuma. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingine vya kwetu vinapita hapo mara kadhaa. Nikawatajia na magadi tunayotia kwenye makande, nayo yanayo. Nikawaeleza pia kituo cha Ngurdoto, wanakochuja maji kwa mkaa wa mifupa, yale uliyoyakataa ukisema hunywi supu isiyo na chumvi. Waliandika, Mama. Sijawahi kusikilizwa hivi hata siku ya harusi yangu.

Hapo Babu akaingiwa na wivu. Akanivuta suruali: "Baba, yangu yataiva lini?"

Akapanda kiti mwenyewe, akaachama kama kiboko, akaamuru watafute kama kuna hata moja lililoanza. Yote 20, hakuna tundu. Bichi kabisa.

Tukapewa masharti. Mswaki asubuhi na usiku, tumsaidie kupiga mpaka afike miaka 10 au zaidi, kwa dawa kidogo tu kiasi cha ukucha wa kidole chake cha mwisho, na iwe na floridi. Ndiyo, ile ile! Kidogo hulinda, kingi hupaka rangi. Huku wanaitia kwa kupima, sisi tuliichota kwa ndoo. Na peremende ni Jumamosi tu, ndiyo desturi ya nchi nzima.

Sasa ule ubuyu uliompa mgeni atuletee ulifika Jumanne. Uko juu ya kabati. Babu anauliza kila asubuhi, kwa lugha mbili, kama leo ni Jumamosi. Unapungua hata hivyo, na mkwe wako ananitazama.

Jumapili akikupigia simu akakuomba magadi, mwambie yamekwisha Tanzania nzima.

Mwanao,
Baba Babu